Mizani Haijui Uko na Mimba

Kuna swali ambalo mjamzito anayefanya kazi ya mikono huulizwa na kila mtu, kuanzia jirani hadi mwenye duka: "Kwani bado unaenda kuchuna?" Linaulizwa kwa huruma, sikatai. Lakini anayeuliza huwa hana mpango wa kukununulia unga. Wacha nijibu mara moja kwa wote: ndio, bado naenda. Niko na miezi sita na wiki kidogo, nachuna majani chai kwenye mashamba ya watu hapa Ndanai, na jioni nikipata chaji na bando ndio mnaniona hapa. Kontenti hailipi vile mnadhani. Kinacholipa ni kilo.

Leo nataka tuongee kuhusu uchovu. Sizungumzii ule wa mtu aliyekesha akitazama mpira. Nazungumzia uchovu ambao unaamka nao, unaoga nao, unapanda nao mteremko, na ukilala unalala kando yako kama mtu.

Watu wengi hufikiri uchovu wa mimba unakuja tumbo likiwa kubwa. Hapana. Wangu ulikuja mapema kabisa, wakati hakuna aliyejua isipokuwa mimi na baba mtoto. Miezi mitatu ya kwanza mwili hutoa kwa wingi homoni inayoitwa projesteroni, na hiyo kitu ina usingizi ndani yake. Unaweza kusinzia ukiwa umesimama katikati ya laini, mikono bado inachuna. Shida ya kipindi hicho ni kwamba huna ushahidi. Tumbo halionekani, kwa hivyo nyapara anaona tu mtu aliyeanza uvivu ghafla. Na wewe hutaki kusema, kwa sababu kwetu mimba haitangazwi mapema, na pia kwa sababu ukisema unaweza kuambiwa "enda upumzike mama", maneno matamu ambayo maana yake ni kesho usije.

Halafu kuna mambo ya damu. Hii nilielezwa na nesi na nikaenda kuisoma mwenyewe. (Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, lakini kusoma sikuacha.) Mimba ikikua, maji ya damu mwilini yanaongezeka kwa karibu nusu ya yale uliyokuwa nayo. Chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa, nazo zinaongezeka lakini hazifikii kasi hiyo. Kwa hivyo damu inakuwa kama chai iliyoongezwa maji: ni nyingi lakini nyepesi. Moyo unapiga haraka zaidi hata ukiwa umekaa chini ya mti. Sasa wewe mtoe huyo mtu chini ya mti, mfunge kikapu mgongoni, mwambie apande kilima. Anahema kwa sababu mwili wake ulikuwa tayari kazini kabla hajachuna jani la kwanza.

Kipimo cha damu cha mjamzito kikiwa chini ya 11, hiyo ni upungufu. Changu mwezi wa tano kilisoma 9.6. Nesi aliniangalia, akaangalia mikono yangu iliyokuwa nyeusi kwa utomvu wa majani, akaniuliza, "Unachuna kwa nani?" Nikamwambia. Hakunikataza. Alijua hakuna maana ya kunikataza. Akaniuliza nakunywa chai mara ngapi kwa siku.

Na hapa ndipo kuna kichekesho chetu sisi watu wa chai. Asubuhi chai na mkate au viazi vitamu. Saa nne chai. Mchana ukimaliza ugali na mboga, chai. Jioni mgeni akiingia, chai, na akikosa kuingia tunainywa hata hivyo. Kumbe majani chai yana kitu kinaitwa tanini, na tanini ikikutana na madini ya chuma tumboni inayashika yasiingie kwenye damu. Zile mboga zote ninazokula, managu, saga, maharagwe, nilikuwa nakula halafu napitisha kikombe cha chai juu yake, ni kama kulipa mfanyakazi halafu unamfungia geti. Jani nililochuna mimi mwenyewe kwa shilingi kumi kilo lilikuwa linarudi kuninyang'anya chakula.

Sijaacha chai. Tusidanganyane, niko Bomet. Nilichofanya ni kuitenga na chakula: nakula kwanza, halafu saa moja hivi au zaidi ndio nakunywa. Na ile dawa ya kuongeza damu tunayopewa kliniki nameza usiku na chungwa au maji ya ndimu, kwa sababu vitamini C inasaidia madini ya chuma kuingia. Nisiimeze na chai ya maziwa, maana maziwa pia yanaizuia. Ile dawa ina vituko vyake. Choo kinakuwa cheusi hadi unashtuka, tumbo linafunga, wengine wanatapika. Najua wamama wanaopewa dawa, wanashukuru, halafu wanaenda kuificha kwenye mfuko wa sweta hadi mtoto azaliwe. Mimi nilirudi nikamwambia nesi inanisumbua, akaniambia nisiimeze tumbo likiwa tupu kabisa na nizidishe maji. Imekuwa afadhali. Rudi ukaseme, usifiche kwa sweta.

Na odowa. Yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwa vifungu, kando ya nyanya. Najua mnaelewa. Hamu ya kula udongo wakati wa mimba mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu, na ukila udongo nao unazidi kuzuia madini ya chuma, na ukiwa na bahati mbaya unameza na mayai ya minyoo. Kwa hivyo siku ukijikuta unanusa ukuta wa matope baada ya mvua na mate yanakutoka, usicheke tu na kununua odowa ya kumi. Enda upimwe damu. Mwili umekutumia ujumbe.

Turudi shambani. Wale hamjawahi kuchuna, kazi iko hivi. Unachuna majani mawili na kichipukizi, mikono miwili inafanya kazi pamoja, unatupa nyuma kwenye kikapu bila kuangalia. Eproni ya plastiki imekufunga kiunoni kwa sababu umande wa asubuhi unalowesha kila kitu. Kikapu kikijaa unamwaga kwenye gunia, na gunia linabebwa hadi kituoni, ambako karani anapima na kuandika. Kila kitu kinaishia pale kwa mizani. Mizani haiulizi ulilala vipi. Haijui una watu wangapi ndani yako.

Kabla ya mimba siku nzuri nilikuwa nafika kilo 50. Hiyo ni shilingi 500. Sasa nikijitahidi sana nafika 30. Ile mia mbili iliyopotea kila siku, hiyo ndiyo bei ya uchovu, na ninailipa mimi peke yangu. Mtu wa ofisi akichoka anapunguza kasi na mshahara unakuja ule ule tarehe ya mwisho. Kwetu uchovu unapimwa na kukatwa siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi jioni. Ndio maana ushauri wa "pumzika zaidi" unaniudhi kidogo, hata ukitoka kwa mtu anayenipenda. Kupumzika saa moja ni kama kilo nne. Niambie ni wapi nitazipata hizo kilo nne, ndio tuendelee kuongea.

Halafu kuna lile neno la wazee wa pale kwa kibanda: "Wamama wa zamani walikuwa wanazaa shambani wanaendelea na kazi. Nyinyi wa simu ndio mmelegea." Nililisikia mara nyingi hadi nikaenda kumuuliza mtu wa zamani mwenyewe, nyanya yangu. Yeye alichuna kabla hata mimi sijafikiriwa. Nikamuuliza, "Kogo, ni ukweli hamkuwa mnachoka?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama zamani jua lilikuwa linachoma.

"Nani amekuambia hatukuchoka? Hakukuwa na wa kuambiwa."

Akanyamaza, akaendelea kupepeta maharagwe. Halafu akasema, "Nilizaa tisa. Wewe unajua wajomba na shangazi wangapi?"

Najua sita.

Tangu siku hiyo mtu akianza hadithi ya wamama wa zamani huwa sibishani naye. Ninamuuliza tu walizaa wangapi na walilea wangapi.

Sasa, sheria. Kuna watu wanapenda kusema Kenya hatuna sheria. Tunazo, tena nzuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara kamili, na akirudi arudi kazi yake. Mwanaume naye ana wiki mbili. Kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Wafanyakazi wa kudumu kwenye mashamba makubwa ya kampuni, upande wa Kericho na Sotik, wana chama cha wafanyakazi na makubaliano yaliyoandikwa, na mjamzito anaweza kuomba kazi nyepesi. Sisemi kule ni peponi. Mei 2023 watu waliandamana Kericho hadi mashine za kuchuna chai zikachomwa, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na kila mtu aliona nani atatolewa kwanza. Mwanamke anayejua mashine inasubiri nje hawezi kuwa na haraka ya kutangaza mimba yake. Lakini angalau kule kuna karatasi.

Sisi wa mashamba madogo hatuna karatasi. Jumatatu nachuna kwa mwalimu mmoja mstaafu, Jumatano kwa mama wa duka, Ijumaa kwa jirani. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kibarua akifanya kazi kwa mwajiri mmoja mfululizo hadi siku zikafika mwezi, anahesabiwa kama aliyeajiriwa na anapata haki zake. Ni kifungu kizuri sana. Lakini mwajiri mmoja ni yupi hapa? Mimi nina waajiri watano na hakuna hata mmoja aliyeniajiri. Na kusema ukweli, nikimwangalia yule mwalimu na heka yake moja, mwenye kusubiri bonasi ambayo upande wetu huu huja ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, sioni atatoa wapi mshahara wangu wa miezi mitatu. Siwezi kumchukia kwa hilo. Lakini majani yake yanauzwa mnadani Mombasa, yanavuka bahari, watu wengi wanapata faida njiani. Pesa ya kumlipa mchunaji aliyejifungua ipo mahali fulani kwenye hiyo safari. Haiko kwa mwalimu.

Hata kuzaa kwenyewe ni hesabu ya kilo. Zamani kulikuwa na Linda Mama, ulikuwa unajiandikisha na kujifungua bila kulipa. Oktoba 2024 mambo ya NHIF yakaisha, ikaja SHA, na Linda Mama ikageuzwa Linda Jamii. Ili ilipe hospitali unafaa uwe umelipa mchango, na sisi tusio na payisilipu tunalipa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa kilo zangu za sasa hizo ni siku kumi na mbili za kuchuna bila kula chochote. Nimemaliza kulipa wiki jana. Nilijipongeza kwa soda, nikalala saa moja unusu.

Mnaniuliza navumilia vipi. Sina siri, niko na mipango tu. Naenda mapema, jua la Ndanai likishapanda siwezani nalo, hapa kwetu ni chini kidogo na kuna joto kuliko kule juu. Situmii tena kikapu kikubwa, kwa sababu tumbo linavuta mbele na kikapu kinavuta nyuma, na kiuno kiko katikati kama kamba ya kuvutana. Viungo vyenyewe vimelegea, mimba hulegeza viungo ili mtoto apate njia, kwa hivyo mguu ukiteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa hakuna cha kukushika. Namwaga mara nyingi, kidogo kidogo. Gunia silibebi kabisa. Kuna kijana wa gredi ya nane jirani yetu, na shule ikifungwa ananibebea hadi kituoni, namlipa kilo tatu. Shule ikifunguliwa nalipa mtu wa mkokoteni. Nabeba chupa ya maji na uji wa wimbi, na saa nne naketi. Mwanzoni nilikuwa naketi kwa kujificha. Sasa naketi tu.

Lakini nikiwa mkweli, kilichonisaidia zaidi hakikuwa shambani, kilikuwa nyumbani. Hatusemi hii vya kutosha. Nikitoka kuchuna saa tisa, siku ya pili inaanza: maji, kuni, ng'ombe, ugali, nguo. Ukijumlisha, pengine nachoka zaidi baada ya kazi kuliko kazini, na hiyo haipimwi na karani yeyote. Nilimwambia baba mtoto, yeye ni wa bodaboda, "Mimi sitaweza majani na mtungi. Chagua kimoja." Alifikiria siku mbili. Sasa anachota maji na pikipiki, mitungi minne kwa safari moja. Anaenda giza likishaingia ili wenzake wa steji wasimuone. Sijali. Maji ya usiku na ya mchana yanapika ugali ule ule. Juzi niligundua kuna mwingine wa steji hiyo hiyo naye huenda mtoni usiku, walikutana huko na mitungi, wakasalimiana kama wezi.

Kuna uchovu ambao haufai mpango wowote niliotaja hapa. Ukihema ukiwa umelala, moyo ukikimbia bila sababu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, au mtoto akapunguza kucheza, hapo hakuna cha kuketi chini ya mti. Ni kwenda hospitali siku hiyo. Hizo dalili zimeandikwa kwenye kile kitabu cha kliniki ulichopewa na ukakiweka chini ya godoro. Zahanati ikishindwa watakutuma, Kaplong iko pale karibu na Sotik, na Longisa ndiyo ya rufaa ya kaunti. Weka pesa ya gari kando, hata kama ni kidogo, na namba ya mtu mwenye gari. Pikipiki ni nzuri lakini si ya kila hali, na nasema hivi nikiwa naishi na mwenye pikipiki.

Kuna kitu kimoja kimeanza ambacho sijui kitafika wapi. Tuko wachunaji kumi na moja tunaofuatana kwenye mashamba haya. Mmoja wetu alijifungua Januari, na siku ya kumi na moja akarudi shambani mtoto akiwa mgongoni, kwa sababu hakukuwa na kitu nyumbani. Maziwa yalikuwa yanalowesha blauzi yake. Hakuna aliyesema neno, lakini jioni kwa mizani mama mmoja alimwambia karani, "Kilo mbili zangu andika kwa huyu." Mwingine akasema hivyo hivyo. Siku hiyo alienda nyumbani na kilo 19 ambazo hakuchuna.

Kwa hivyo tumekubaliana: kila mtu kilo mbili, kila siku ya kazi, kwa wiki sita, kwa yeyote atakayejifungua. Watu kumi, kilo 20. Ni shilingi 200. Haitoshi, lakini inanunua unga, na anakaa ndani. Karani alikuwa na wasiwasi kitabu chake kitaharibika, tukamtengenezea daftari lingine. Wanaume wawili walio kwenye kundi waliuliza wao watafaidika vipi, tukawaambia wake zao wanahesabiwa. Mmoja amekubali. Mwingine bado anafikiria.

Mimi ndiye wa pili kwenye daftari. Kabla yangu kuna dada wa kule mtoni, anatarajia mwezi ujao, na leo jioni nimetoa kilo zangu mbili za kwanza kutoka kwa 28 nilizochuna.